Mistari ya Yaya

Nilichoka kueleza. "Ni kansere ya damu," niliambia majirani wetu wa Beni. "Leucémie. Haiambukize mutu!" Banaitika, "Ndiyo mama, tumesikia," kisha banarudi nyuma kidogo tena. Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa anatoka damu mu mapua na mu ufizi. Kwetu, tangu Ebola ipite, damu ya mapua inakimbiza batu kuliko bunduki.

Dokta wa Butembo alituambia bila kuzungukazunguka. Kumuongeza damu hakusaidie tena, mumurudishe nyumbani. Mumupatie sirop ya morphine akisikia maumivu, mumupanguse midomo na kitambaa kibichi, na asibakie peke yake. Sirop tuliweza. Midomo niliweza. Ile ya mwisho ndiyo ilinishinda.

Sababu yaya hakunitaka mimi. Alitaka rafiki yake, mwenye baliuzisha naye vitenge kwa meza moja sokoni tangu usichana wao. Kila siku ya posho, jumamosi, walikuwa banasukana nywele. "Umuite," yaya ananiomba. "Aniwekee mistari tu. Siwezi kwenda nikiwa hivi."

Alifika kweli, akasimama inje, kwa lango la parcelle, kiwanja chetu, na gants za mpira mu mikono. Akaweka bidon ya uji chini, analia.

"Ingia basi!"

"Niko na batoto, dada."

"Na mimi niko na nini, mbuzi?"

Dirisha lilikuwa wazi. Yaya alisikia yote, akageukia ukuta.

"Unisuke weye," akaniambia kisha. Mais mimi sijui kusuka! Nilijaribu, mistari ikaenda kombokombo, akaishika, akacheka kidogo, akasema niache. Alikufa kesho yake asubuhi, mukono wake mu mukono wangu.

Batu ba riposte, bale ba kupima Ebola, bakakuja, bakachukua échantillon ya mate mu kinywa cha maiti. Matokeo yakatoka: hapana Ebola. Si ndivyo nilikuwa nasema! Hapo parcelle ikajaa batu.

Rafiki yake akaingia bila gants. Akamukumbatia yaya, akafumua kazi yangu, akamusuka taratibu, mistari mizuri, myembamba, mpaka shingoni. Akapangusa macho.

"Angalia, dada. Amependeza."

"Umuambie yeye," nilimujibu.