Vifo Viwili Uwanjani Misungwi

Kama ulitaka kulia kwa raha zako Mwanza miaka ile ya tisini, viwanda vya minofu ya samaki vilipokuwa vinafunguliwa kila kukicha, ulimtafuta Modesta. Mchana alikuwa kiwandani Nyakato akichuna ngozi za sangara. Jioni alikuwa ukumbi wa kanisa la kigango, akifa. Na alijua kufa yule mama! Katika mchezo wake alikuwa dada anayekunywa sumu aliyotegewa kaka yake, na akianguka, hata walevi walivua kofia.

Mdogo wake Kashindye naye alitaka kufa, apewe nafasi hiyo japo mara moja. Modesta akamjibu mbele ya kundi lake zima la maigizo, "Wewe sauti huna, sura ya msiba huna. Kauze mitumba." Jamani, ndiyo maneno ya kumwambia mtu mliyenyonya naye ziwa moja? Kashindye akahamia Misungwi, akaunda kundi lake, na mwaka mzima hakukanyaga kwa dada yake. Modesta akajifanya hajali. Thubutu! Kila mgeni aliyetoka Misungwi aliulizwa kama Kashindye amekonda.

Sikukuu ya mavuno, makundi hayo mawili yakakutanishwa uwanjani Misungwi kwa ule utaratibu wetu wa ngoma: mnaanza pamoja, hawa upande huu, wale upande ule, na wenye watu wengi mwishoni ndio washindi. Hakuna jaji wa kuhonga. "Hatabakiwa hata na mbuzi," Modesta alitamba njia nzima.

Akacheza, akanywa sumu, akaanguka, akafunikwa kanga. Watu wakaangua kilio. Humo ndani ya kanga, marehemu hana kazi nyingine, akasikiliza mchezo wa upande wa pili. Huko mdogo mtu amefukuzwa na dada yake; anarudi mgonjwa, anagonga, hafunguliwi, anafia mlangoni. Modesta akapima: wa kwangu anakufa kwa kumpenda ndugu kupita kiasi, huyu anakufa kwa kunyimwa ndugu. Wa kwangu angalau alichagua mwenyewe. Roho ikamuuma, maana dada wa mchezo ule alimjua ni nani.

"Dada, nifungulie," Kashindye alilia. "Ni mimi."

Lo! Sauti anayo, tena tele.

Marehemu akainuka. Kanga begani, akakata uwanja mbio, na watu wake wote nyuma yake, wakitaka kuona maiti inakwenda wapi. Akapanda jukwaa la wenyewe, akamsukuma kando Justa aliyeigiza dada mkatili, akaufungua mlango.

Kashindye akabaki mkono juu. Uwanja mzima ulikuwa umeshahamia kwake. Alikuwa ameshinda na wala hakujua.

"Dada, umeniharibia kifo changu," akanong'ona, machozi ya kweli yakimtoka.

"Utakufa mwakani," Modesta akasema, akimvuta mkono. "Leo ingia ndani."