Pak Sumarlan na Harusi ya Miwa

Hadi mwaka wa harusi hii, Pak Sumarlan alikuwa ameajiriwa katika kiwanda chetu cha sukari mara kumi na tisa na kuachishwa mara kumi na nane. Ndivyo tunavyoishi watu wa msimu: miwa ikianza kuingia unaitwa, miwa ikiisha unarudi kijijini kwa mbuzi wako. Mimi, Wiryo, nilikuwa hivyo hivyo, ila kwa misimu sita tu. Mwaka ule ilitoka nafasi moja ya kudumu katika chumba cha kuendeshea mitambo, na meneja, Pak Handoyo, akamwahidi Sumarlan; baada yake nilikuwa nafuata mimi. Mzee alikuwa na miaka hamsini na minne. Ukifika hamsini na mitano hawakuandiki. Kwa hiyo ilikuwa mwaka ule au basi tena, na hilo alilijua hata mama anayetuuzia chakula cha pecel langoni.

Kazi yenyewe haina sifa. Chumbani kwetu kuna seva moja inayozungumza na mitambo. Kompyuta za vituoni, ya kinu, ya boila, ya kuchemshia maji ya miwa, huiomba seva habari na kuipelekea amri. Kila moja ina anwani yake, na seva ina mlango wake wenye namba. Kosea tarakimu moja uone: unabaki unakodolea macho kioo kilichoganda huku mvuke unapanda.

Kabla kinu hakijaanza kusaga, lazima tuifungishe miwa ndoa. Bua moja huwa bwana harusi, jingine bibi harusi. Yanavikwa batiki, yanapewa majina, yanatembezwa kwa ngoma za gamelan, kisha yanatangulia kuingia kinuni. Kinu kikikataa kuwapokea maharusi, watu wa vijiji vyote vya jirani watasema msimu una mkosi. Mwaka ule meneja alitaka mgeni rasmi, mke wa mkuu wa wilaya, akiwashe kinu kwa kubonyeza kompyuta jukwaani. Kazi hiyo akampa mkwewe, Mas Andaru (kwetu mzee huitwa Pak kwa heshima, kijana Mas), aliyetoka mjini na viatu vyeupe.

Andaru hakujisumbua. Alinakili kila kitu kutoka kompyuta ya kinuni kwenda ile ya jukwaani, anwani yake ikiwemo, kumi na mbili. Akaijaribu, ikakubali, kwa sababu siku hiyo ya kinuni ilikuwa imezimwa.

Sumarlan akamfuata, ameinamisha kichwa kama inavyopasa. "Samahani, Mas. Kesho ya kinuni itakuwa imewashwa. Zikiwa mbili na anwani moja, zitagombana, na seva haitajua imjibu nani."

"Babu," Andaru alisema, "wewe ni wa msimu. Mimi nimesomea. Nenda kahesabu mbuzi."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na najua kwa nini.

Mtu mwingine angekwenda kwa meneja. Kwetu humwendei mkubwa kumwambia mkwewe hajui kitu. Unarekebisha kimyakimya, unamwachia sifa. Kwa hiyo asubuhi ya harusi, wanawake wakiwa bado wanawavika maharusi, Sumarlan alipanda jukwaani akaipa ile kompyuta anwani ishirini na saba, ambayo haikuwa na mwenyewe, akaitambulisha kwa seva, akaijaribu mbele yangu. Ikaitikia vizuri. Akashuka kwenda kinuni.

Nusu saa kabla ya mgeni, Andaru alikaa mbele ya kioo akaiona ishirini na saba. Uso ukamwiva.

"Nani kachezea mashine yangu?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. "Sijui, Mas."

Akairudisha kumi na mbili. Kinuni ni hatua sitini kutoka pale. Ningeweza kwenda kumwambia mzee na kurudi kabla chai haijapoa. Nilikunywa chai.

Mgeni akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, anatabasamu. Maharusi wamelala na batiki zao kwenye mkanda wa kuingizia miwa kinuni, hawaendi popote. Gamelan ikapunguza, ikanyamaza. Kikongwe mmoja akaanza kulia kwa sauti.

"Sumarlan!" meneja alimwita mbele ya watu wote. "Umeigusa mashine hii leo?"

Mzee alitazama kioo, akaiona kumi na mbili, akaelewa. "Nimeigusa, bosi. Asubuhi. Lakini niliiacha ikiwa nzima. Muulize Wiryo, alikuwepo."

"Wiryo?"

"Nilimwona akibadilisha namba, bosi."

Hakuna neno la uongo humo. Nimelikagua mara nyingi.

"Jitu zima," meneja alimwambia, "unatuaibisha kwa wivu! Tengeneza, kisha usinionyeshe uso wako."

Sumarlan akatengeneza. Dakika nne tu. Kinu kikaunguruma, maharusi wakasagwa, mgeni akampigia makofi Andaru, na Andaru akainama kushukuru.

Barua ya ajira ya kudumu niliandikiwa mimi. Mzee akapewa siku tatu za kunikabidhi anwani zote, bila malipo, na akaja. Nilimngojea anitegee, aniachie namba moja ya uongo ili nimchukie, nipumue. Kila aliyonitajia niliijaribu. Zote zilikuwa sahihi.

Siku ya tatu, tukiwa wawili tu chumbani, aliniuliza bila kuinua macho, "Mdogo wangu, ulimwona Mas Andaru akiirudisha kumi na mbili, sivyo?"

Nikasema, "Nilimwona."

"Haya," alisema. "Andika. Boila, kumi na tano. Mlango ule ule wa seva."

Nikaandika.