Aliyeonja Maji ya Tangi Langu

Najua utasema nilisinzia. Sema tu, wengine walishasema. Lakini mtu hasinzii akiwa amezamisha mikono katika maji ya chumvi hadi viwikoni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Bungoma, katika chumba nilichopanga karibu na msikiti, na shahidi wangu bado anaogelea.

Ndiyo, nafuga samaki wa baharini. Bungoma, bara kabisa! Rafiki yangu Wafula alipoliona tangi mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Ati unawapikia maji ya chumvi? Si ungewapikia ugali pia, bana, tuwale na wao!"

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye saiba, kwa intaneti ya kulipia, nikisoma kurasa za watu wanaoishi mbali, na chumvi yenyewe niliagiza Mombasa ikaja kwa basi. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuugusa. Nikiugusa, narudi tena kuangalia kama niliugusa vizuri. Kumbuka hilo la mlango, nitalihitaji.

Tangi langu ni dogo, nalo tangi dogo halisamehe. Unachagua samaki wachache wasiogombea mahali: mmoja wa kukaa mchangani, mmoja wa kujificha shimoni, mmoja wa kuzunguka juu. Wapole wanaingia kwanza, mkali anaingia mwisho. Niliyajua hayo yote. Lakini nilipomwona yule mdogo wa buluu, buluu ya kuumiza macho, nikajiambia mawe yangu hayatapendeza bila yeye. Mawe yenyewe nilikuwa nimeyapanga mithili ya Mlima Elgon, na pango lake, nikayapanga na kuyapangua hadi nikaridhika. Huyo wa buluu akaingia kwanza, peke yake, akaufanya mlima wote kuwa wake.

Kisha Madam Nekesa, mwalimu wa Kitale aliyekuwa na tangi kabla yangu, akapata uhamisho. Akanipa samaki wake aliyempenda kuliko wote, mwembamba, mweupe mbele na mwekundu nyuma, mwenye pezi refu kama unyoya mgongoni. Mwoga ajabu. "Huyu nimekaa naye tangu sijaolewa," aliniambia. "Usiniulie." Nikaapa. Nilimpakata kwenye ndoo yenye kifuniko kutoka Kitale mpaka nyumbani, na kila tuliposimama nilifunua kumwangalia.

Nikamwachilia jioni. Hata hakupata nafasi ya kuona mlima. Yule wa buluu alimrukia, akamrarua pezi, akamfukuza mpaka akabanwa pembeni juu, anatweta, amelala ubavu. Nikachukua wavu nimtoe huyo mkorofi. Akaingia pangoni. Ningemtoa vipi bila kuubomoa mlima? Na mimi, niamini, nilisimama pale nikimwonea mlima huruma wakati samaki wa watu anakufa.

Hapo mvua ikashuka na stima ikapotea. Pampu ikanyamaza. Bila pampu maji hayana hewa, kwa hivyo nikawasha taa ya chemli, nikatia komeo mlangoni kwa sababu ya upepo, nikaligusa, nikaligusa tena, nikaanza kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu. Adhana ya magharibi ilikuwa imetoka tu kuisha.

"Hodi wenyewe."

Sauti ilikuwa ndani. Nikageuka. Mwanamke mzee alikuwa ameketi mwisho wa godoro langu, amejitanda leso ya manjano yenye maua meusi. Nje mvua inapiga mabati, yeye hana hata tone. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Sijui. Alinukia asumini, na alinitazama kama mtu aliyezoea kusalimiwa kwanza.

"Karibu, mama," nikasema.

"Ndiyo salamu hiyo?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akasogea, akachovya kidole tangini, akaonja. Alifumba macho kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyu wa buluu ndiye aliyetangulia?"

"Ndiye."

"Basi kila jiwe ni lake. Mgeni atalala wapi? Vunja."

"Nivunje nini?"

"Hicho kilima."

"Mama, hicho nimekipanga..."

"Na huyu anakufa. Vunja, wote wawe wageni." Akanipokonya kikombe, akaanza kumimina yeye.

Nikaingiza mikono nikaubomoa Mlima Elgon. Mchanga ukatimka, maji yakawa kama uji. Yalipotulia, yule wa buluu alikuwa akizunguka huku na huko, hajui kwake ni wapi. Na yule mwoga aliteleza polepole, akaingia chini ya jiwe ambalo halikuwa la mtu. Akatoa unyoya wake tu.

"Mama, ona!"

Hakukuwa na mtu. Kikombe kilikuwa sakafuni, kikavu. Komeo lilikuwa mahali pake. Nililigusa.

Asubuhi nilimsimulia Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu, akiwa anachoma mahamri. Aliposikia leso, akaepua karai.

"Manjano, maua meusi?"

"Ndiyo."

"Huyo ni mama mkwe wangu. Tulimzika nayo kichwani mwake, ikichungulia sandani, alivyotaka. Aliolewa huku kutoka Lamu, chumba hicho kilikuwa chake. Alipougua alituomba kitu kimoja, aonje maji ya bahari. Tungeyatoa wapi, Bungoma hii?"

Akajifuta macho kwa kanga, kisha akanipa mahamri mawili ya bure.

Samaki wa Madam Nekesa anakula vizuri, na wa buluu amemzoea. Mawe yamekaa shaghalabaghala, na kwa ajabu sijawahi kuyapenda hivi. Magharibi siku hizi sitii komeo. Naweka kikombe cha maji ya tangi karibu na godoro, na asubuhi huwa yamepungua. Ndiyo, maji hukauka yenyewe. Nimesoma.

Lakini wewe unayetaka kufuga, sikia: usichague samaki kwa rangi. Na kabla hujaileta bahari katika chumba cha kupanga, uliza kwanza ni nani aliyelala humo akiililia.