Vyai Viwili

Mwalimu wa chekechea alikuwa asali kwa watoto, pilipili kwa wakubwa. Mwaka mzima alicheza maneno na binti aliyechelewa kusema, yule ambaye majirani walimwita Bubu: chumba, vyumba, chakula, vyakula. Mtoto alitulia kama maji mtungini.

Siku moja, mama yake alipokuja kumchukua, binti alimnyooshea vikombe vya kuchezea. "Mama, vyai viwili."

Wazazi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Mama akainamisha uso.

"Mnacheka nini?" mwalimu akawawakia. "Nani kati yenu amewahi kusema vyai? Hakumwiga mtu. Kanuni ameinasa mwenyewe." Akamwinamia binti. "Na hawa wanaocheka, mwanangu, tuwape chai?"

Binti akawatazama mmoja mmoja.

"Vyao vimekwisha."