Zamu Yangu ya Kulimiwa

Mume wangu hakuja mwenyewe kuniambia kwamba ameoa mwingine kambini na mimi ameniacha. Alimtuma askari mwenzake, akanikuta mjini Arua, Uganda, nasuka kawa la kufunikia chakula, akayasema maneno yake pale mlangoni amesimama kama mtu anayeuliza njia. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Wanaume wengi wa kwetu sisi Wanubi walikuwa jeshini, na wake zao walizoea kukaa wakingoja. Mimi ningemngoja nani? Nikafungasha vyangu nikahamia Onduparaka kwa kaka yangu, na huko ndiko nilikoujua upweke, ingawa nyumba ilijaa watu. Nililala na watoto, nikala baada ya wifi, na nikisema neno hakuna aliyegeuka.

Nilivumilia mwaka mzima. Halafu nikachoka, tena nikachoka kwa hasira. Nilitaka kitu kimoja tu duniani ambacho, mtu akiuliza ni cha nani, atajibiwa ni cha yule mwanamke. Marehemu mama alikuwa Mkakwa wa Abuku, upande wa Koboko, na kaka yake alikuwa bado hai. Nikaenda kumwomba mjomba ardhi.

Mjomba hakufurahi. Mtoto wa mjini, aliniuliza, jembe umelishika wapi? Lakini aliona aibu kunifukuza, basi akanipa kipande kando ya kijito ambacho hakuna aliyekitaka, majani yamenifika kifuani. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasikia. Mvua ya kwanza ikikuta shamba limelimwa, nipande, liwe langu. Ikikuta majani, atampa mwanawe, nami nirudi kwa kaka. Nilikubali palepale, mjinga mimi, sijui majani yale yana mizizi ya namna gani.

Nililima peke yangu mpaka viganja vikachunika. Nilichokilima ungeweza kukifunika kwa mikeka miwili.

Kule Abuku kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Unatangaza siku, unapika pombe ya mtama, watu wanakuja na majembe yao, mnalima hadi jua la utosini, kisha wanakunywa. Mimi ni Mwislamu, pombe sipiki. Nikasema nitawapikia pilau, tena pilau la Kinubi, waone. Nikaenda Koboko sokoni kununua mchele na nyama, nikapita nyumba kwa nyumba nikialika. Wote waliitikia vizuri kabisa. Siku ilipofika hakuja hata mmoja.

Nilikaa na sufuria lile hadi jua likaanza kushuka. Niliwatukana kimoyomoyo wote, walevi wakubwa, pilau langu limewakosea nini? Halafu matusi yakaisha, nikabaki na ule ukimya wa kijito na nzi. Sijawahi kujiona sina mtu kama siku ile.

Kesho yake nilimpelekea kiporo jirani yangu, mjane mmoja mkulima wa tumbaku, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Kikakwa changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo alizoea kunisemesha Kiswahili cha huku kwetu, kile tulichoachiwa na jeshi na wachuuzi. Nikamuuliza kama watu wamekataa kuja kwa sababu sina pombe. Alikula kwanza, akamaliza, akafuta vidole.

"Pombe si kitu," alisema. "Chakula yako iko muzuri. Lakini wewe ilienda kulima kwa nani?"

Kumbe ilikuwa ni hilo. Mimi nilidhani watu wanaitwa kwa sufuria, nao walikuwa wanangoja kuona mgongo wangu umeinama kwenye mashamba yao.

Basi nikajikaza kisabuni, nikaingia kwenye kikundi chao cha kulimiana kwa zamu. Zamu yangu iliwekwa ya mwisho, kama mgeni anavyowekwa. Nililima kwa mjane, nikalima kwa majirani zake, nikalima hata kwa mke wa yule binamu aliyekuwa akilingoja shamba langu. Wenzangu walipiga soga za Kikakwa mstari mzima, na walipocheka nilicheka nami, hivyo hivyo tu, nisionekane bubu. Jioni nilipita kando ya kipande changu nikaona majani yamesimama vilevile. Na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kongo.

Mvua ilinyesha siku moja kabla ya zamu yangu.

Mjomba alikuwa ameshampelekea kaka habari mapema. Kaka alifika na lori lake la mizigo asubuhi ileile, matope yamelipaka hadi mlangoni.

"Dada, panda twende," alisema, na alisema kwa upole. "Hapa una nani?"

Swali liliniuma kwa sababu jibu nililijua. Nilikwenda kukunja mkeka wangu. Nilipotoka nao, mjane alikuwa amesimama kati yangu na lori, jembe begani, anamtazama mjomba.

"Huyu nalima kwetu yote," alisema. "Kesho iko siku yake. Kama nakwenda leo, sisi yote iko wezi. Wewe nataka watu naita sisi wezi?"

Mjomba akatazama chini. Akasema, basi, kesho, kesho tu.

Kaka akanigeukia. Aliniambia nisipopanda sasa, asije kusikia siku nyingine nimemtuma mtu kumwita. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenilea, na katika sisi watoto wa mama ndiye pekee anayeikumbuka sauti yake. Nilimpenda, bado nampenda. Nikamwambia aende salama.

Walikuja kabla jua halijatoka, wote, hata mke wa binamu. Udongo ulikuwa laini kwa ile mvua, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumefika kijitoni. Walikula pilau, wakasema mengi ambayo sikuyaelewa, wakaenda zao. Nikabaki nimesimama katikati ya udongo mweusi, kutoka kijitoni hadi njiani hakuna jani. Nilimlilia kaka kwa sauti mpaka nikachoka. Hakuna aliyenisikia, na shamba lilikuwa langu.