Kipimo Hakina Shemeji

Kabla ya ugonjwa ule, hakuna aliyemjua yule mlinzi. Miaka kumi na miwili alisimama mlangoni pa duka kubwa la mtaani, akifungua mlango, akipanga matoroli, akisema karibu na asante, na watu wakampita kama nguzo. Mvua ikinyesha walimtundikia mwavuli mkononi bila hata kumtazama usoni. Alikuwa kibarua wa siku kwa siku: ukija umekuja, usipokuja yuko mwenzio.

Ukaingia ugonjwa. Wiki ya kwanza watu tulichanganyikiwa, tusifichane. Mtu anayeishi peke yake alitoka dukani na unga wa kulisha kambi ya jeshi. Bwana mmoja mwenye heshima zake, tai shingoni, aligombania katoni ya mwisho ya sabuni na mama mjamzito, tena akashinda, shenzi zake! Barakoa zikawa za kila namna, za pazia, za soksi, na yuko mmoja aliyeishusha yake mpaka kidevuni ili apige chafya vizuri.

Ndipo meneja alipomkabidhi mlinzi kile kipima joto chenye umbo la bastola. "Kikivuka thelathini na saba na nusu, mtu haingii." Maelekezo yakaishia hapo. Mlinzi akaomba ruhusa ya kulala nacho siku moja. Alimpima mkewe, akapima ukuta, akapima chai, akampima mkewe tena mpaka mama wa watu akamwambia, "Wewe bwana, mimi si sufuria." Asubuhi alikuwa ameshakijua: hakitaki mkono unaotetemeka, hakitaki paji lenye jasho, na ukikiweka mbali kinadanganya.

Kwa kuwa nyuso zilifunikwa, akajifunza mapaji. Aliyajua ya foleni nzima, lenye kovu la kuungua, lenye mikunjo mitatu, la mwalimu lililong'aa kama sahani. Kwenye miduara ya chaki iliyochorwa kuwatenganisha, watu walikuwa wanapishana na ndugu zao bila kujuana, naye anawaita: "Mwalimu, shemeji yako yuko duara la nne, msalimie!" Mtaa ukampa jina. Kuanzia hapo akawa Bwana Kipimo.

Na alikuwa na utaratibu wake, hakuna aliyemfundisha. Joto likizidi, hakufukuzi. Anakuonyesha benchi lililo kivulini. "Kaa dakika kumi. Jua nalo lina homa yake." Baada ya hapo anapima tena, na hiyo ya pili ndiyo hukumu. Likiwa bado juu, anakuomba utaje vitu unavyotaka, anavisema kwa sauti hadi kwa keshia, na mfuko wako unaletwa kwenye benchi. Hakuna aliyezuiwa na Bwana Kipimo akarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya pili ya kazi, muuza samaki mmoja mwenye mdomo wake alimuuliza mbele za watu, "Na wewe nani kakupima? Au mganga hajigangi?" Watu wakacheka. Mlinzi akafikiri kidogo, akamnyooshea kile chombo. "Nipime wewe." Tangu siku hiyo, aliye wa kwanza kwenye foleni humpima mlinzi na kutangaza, wote wasikie, ndipo mlango ufunguliwe.

Sasa nisikilize. Wiki ya tatu alikuja mama mzazi wa meneja, bibi wa miwani ya kamba, hakuwa na desturi ya kusimama foleni. Thelathini na nane. Akakaa benchi, huku ananung'unika. Thelathini na nane kamili.

"Wewe unajua mwanangu ndiye anayekulipa?"

"Najua, mama, shikamoo. Ananilipa nisimame hapa. Kipimo hakina shemeji wala mkwe. Niambie unataka nini uletewe."

Alimtukana matusi ya kizamani, yale yanayoanzia kwa babu yako. Kisha akataja vitu vyake, kimoja kimoja, akaondoka na mfuko. Akaugua kweli, siku kumi kitandani, akainuka. Mlinzi akaishi roho juu, akijua kibarua chake kimeota nyasi.

Kumbe sivyo. Mwanzoni mwa mwezi uliofuata meneja akamwita ofisini. "Makao makuu wananiruhusu kumwajiri mlinzi mmoja moja kwa moja, kwa barua. Nimewapa jina lako. Sharti lao ni moja, mwezi huu usikose hata siku. Jumamosi ya mwisho, jioni, unapewa barua yako."

Unajua barua ile ilikuwa na nini? Kadi ya matibabu, yake na ya mkewe. Na mkewe alikuwa na pumu. Kila vumbi lilipotimka, yule mama alikaa ukingoni mwa kitanda akivuta pumzi kwa kupigania, na mumewe akampapasa mgongo akiwa hana la kufanya. Miaka kumi na miwili aliingoja barua ile. Akahesabu siku, hakukosa hata moja, mpaka ikabaki Jumamosi yenyewe.

Jumamosi aliamka mwili mzito kama gunia la maji. Mkewe akamgusa shingo.

"Mume wangu, unachemka!"

"Mkono wako si kipimo," akasema, akijitia ujasiri, na akasogea mbali naye.

Yule mama akamwekea mezani vidonge viwili vya homa. "Meza hivi ukifika. Homa itashuka. Saini leo, uugue kesho."

Msimlaumu. Angesema nini, na pumzi ni yake? Mlinzi akavitia vidonge mfukoni, akavaa barakoa mbili, akaenda kwa miguu akipita pembeni pembeni.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa nani? Bibi wa miwani ya kamba. Tangu apone alikuwa akidamka kabla ya wote. Akakipokea chombo, akanyoosha mkono, akatazama. Akatazama tena. Hakutangaza.

"Thelathini na nane nukta mbili," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Basi niende benchi," akasema mlinzi.

Akakaa pale alipowakalisha wengine. Dakika kumi! Vidonge mfukoni, chupa ya maji mguuni, foleni imesimama kwenye miduara yake ya chaki. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alijua kwamba kidonge hakiondoi ugonjwa, kinakidanganya kipimo tu, na yeye ndiye aliyewarudisha watu waliojaribu kunawa uso kwa maji ya barafu. Alimwona mkewe ukingoni mwa kitanda. Machozi yakamlenga, akayaacha yaishie kwenye barakoa. Mkono haukwenda mfukoni.

Bibi akaja na kipimo. Thelathini na nane nukta nne. Akainama kidogo.

"Mwanangu, leo ndiyo siku ya barua, ninajua. Nitasoma thelathini na sita. Wewe simama tu mbali na watu."

"Mama, siku ile nilikusomea ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Nilikupunguzia?"

"Hukunipunguzia hata chembe, mkorofi wewe."

"Basi na wewe usinipunguzie."

Bibi akageuka. Sauti ilimtoka imekwaruza, lakini ilifika mpaka mwisho wa foleni: "Thelathini na nane nukta nne! Haingii!" Kisha akampokonya kofia ya kazi kwa ncha za vidole, akaipulizia dawa, akaivaa. "Mlango ninao mimi. Taja vitu vyako."

Hapo ndipo alipokwama. Wateja wote hao aliowauliza, yeye hakuwahi kujiandaa na jibu lake. "Unga," akasema. "Sabuni. Chumvi. Basi." Bibi akavitangaza kwa keshia, akaongeza ndimu na asali kwa amri yake mwenyewe, na baada ya muda mfuko ukaletwa kwenye benchi. Nyuma ya kioo, meneja alikuwa amesimama akitazama yote.

Mlinzi akaubeba mfuko, akavuka ng'ambo ya barabara ili asimkaribie mtu. Muuza samaki, yule yule mwenye mdomo, ndiye aliyeanza. "Ugua pole, Bwana Kipimo!" Mwalimu akafuata. Kisha duara la tatu, la nne, la kumi, mpaka kwenye kona foleni inapokunja, kila mtu kwa zamu yake: ugua pole, ugua pole. Mtu aliyepitwa kama nguzo miaka kumi na miwili! Akawa anainua mkono tu.

Aliugua siku kumi na mbili akapona, na mkewe hakuambukizwa. Sitaki kuwaweka roho juu. Lakini ninayotaka kuimaliza ni Jumamosi ile. Mkewe alitundika shuka katikati ya chumba, yeye akalala upande wa dirisha. Akamsikia anafungua mfuko. Unga. Sabuni. Chumvi. Ndimu. Asali.

"Kuna bahasha chini," mkewe akasema. Akaichana, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye jina la mumewe na lake mwenyewe.

"Wameandika nianze lini?" akauliza mlinzi kutoka nyuma ya shuka.

"Leo."

Mlinzi akaketi kitandani.

"Lakini leo sikufanya kazi," akasema. "Nimezuia mtu mmoja tu."