Agnetha na Mrututu Uliopauka

Mwaka wa ishirini na mbili huu Agnetha anafagia maabara ya sekondari moja huko Kamachumu. Shule yake iliishia darasa la saba, ila masikio hayakuishia hapo. Kipindi cha kemia kikianza, yeye hufuta madirisha polepole, tena makusudi, mpaka kengele ilie. Ndiyo maana vioo vya maabara ile vinang'aa kuliko vyote shuleni.

Masika haya bati likavuja juu ya kopo la mrututu, zile fuwele za buluu ambazo wakulima wa kahawa wanazijua kwa kupulizia mibuni. Zikalowa, zikashikana bonge. Mtihani wa vitendo ulikuwa keshokutwa, na mwalimu wa kemia alikuwa amesafiri. Agnetha akafanya kile mikono yake ilichozoea nyumbani: akawasha jiko la mkaa uani, akabandika kikaango chakavu cha maabara, akakoroga taratibu kama anayekaanga kahawa. Fuwele zilikauka kweli. Lakini buluu nayo ikafifia, ikafifia, akabaki na unga mweupe pe!

Mkuu wa shule, Mwalimu Mugisha, akamkuta hapohapo. Huyu ni mtu wa historia. Kemia aliiaga zamani.

"Mama, mrututu umewauzia wenye mashamba, ukatuwekea unga wa muhogo?"

"Waitu, bwana mwalimu, sijauza. Niliukausha tu."

"Moto unaiba rangi? Basi naomba funguo za maabara."

Kazi ile aliipenda, jamani, aliipenda kupita mshahara wake. Akiwa anazitoa funguo mfukoni, ndipo akakumbuka somo la marehemu Mwalimu Kahangwa, alilolisikia dirishani miaka ile: ndani ya fuwele hizi maji yamejipanga kuizunguka shaba, na mpangilio huo ndio unaoleta buluu. Moto ukiyafukuza maji, mpangilio unavunjika na rangi inaondoka.

"Nipe dakika moja, mwalimu."

Akachota kijiko cha ule unga uliokwisha kupoa, akaingia nao maabara, akauweka kwenye kisahani, akadondosha maji kidogo. Buluu ikarudi palepale.

"Shika kisahani kwa chini," akasema.

Mugisha akashika. Kilikuwa na joto, na jiko liko mbali uani: maji yakirudi mahali pake hutoa joto, jambo ambalo unga wa muhogo hauwezi. Akakitazama, akamtazama mama wa watu, akacheka kwa aibu.

"Nisamehe sana, mama. Funguo kaa nazo. Na kesho kidato cha tatu utawaonyesha wewe mwenyewe."

Agnetha hakula vizuri jioni ile. Asubuhi akavaa gauni la kanisani, akaingia darasani na kisahani chake, akasimama mbele ya ubao. Wanafunzi arobaini wakainuka kwa pamoja.

"Shikamoo, mwalimu!"

Agnetha akageuka haraka kutazama mlangoni, ajue ni mwalimu gani ameingia.